Mboga za Bure

Ukiniuliza leo kama najuta kupanda mboga, nitakwambia sijui, na hilo lenyewe linanikera. Mtu mwenye haya zake angesema ndiyo, najuta, akang'oa kila kitu akalala. Mimi bado kila asubuhi napanda ngazi na kopo langu la maji, nazungumza na sukuma wiki wangu kama mwendawazimu, halafu nikienda kazini napita pale getini nikitazama viatu. Pale getini palikuwa na meza ya mama mboga. Meza bado ipo, mwenyewe hayupo, na aliyemwondoa ni mimi. Sikumfukuza wala sikumsema vibaya kwa mtu. Niligawa tu mboga bure.

Naishi Malaba, kwenye ploti ya vyumba vinavyotazamana, nyuma ya ile barabara ambako matrela hupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Kazi yangu ni kuandaa karatasi za mizigo ya matrela hayo hayo. Mke wangu yuko nyumbani Namboboto, kwetu Usamia, na shamba letu, nami hushuka huko mwisho wa mwezi nikiwa na bahati. Landilodi wetu alitaka kujenga ghorofa. Akamwaga slabu ya zege juu ya vyumba vya upande wa nyuma, akaweka na ngazi, halafu akanyamaza. Slabu ikabaki hivyo, vyuma vimesimama pembeni, watu wanaanika nguo.

Yule mama mboga alikuwa Mteso wa upande wa Kocholia. Alikuwa ameachana na mumewe miaka mingi, watoto walishaolewa na kutawanyika, na boma la baba yake sasa lilikuwa la kaka zake. Wake za hao kaka walikuwa wameshamwonyesha kwamba hapo yeye ni mgeni. Hayo aliniambia mwenyewe jioni moja akinikatia sukuma, kisu kinakimbia kwenye majani na yeye ananitazama mimi usoni, hadi nikahofia vidole vyake.

"Mzee, hii meza ndiyo bwana yangu," alisema. "Ikisimama, niko Malaba. Ikilala, narudi nyumbani nikahesabiwe vijiko vya sukari."

Nilicheka. Yeye pia alicheka, lakini si sana.

Kila jioni nikitoka kazini alikuwa ananisalimia kutoka mbali kwa lugha yake, "Yoga!" nami namjibu kwa Kiteso changu cha Kisamia, "Yoga noi!" Alikuwa anasema naitamka kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Nikiugua malaria alinitumia supu ya kunde kwa mkono wa jirani, na nilipopona nikataka kumlipa alinikemea mbele za watu. Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Yote yalianza kwa hasira zangu, na hasira zangu ziko karibu. Yule mama alienda matanga kwao, shangazi yake alikuwa amefariki, na mazishi ya Kiteso yakishika watu hayawaachilii upesi. Meza ikabaki imefunikwa gunia. Mimi nami siku hizo kazi ilikuwa imenibana, sikuwa na nguvu za kuvuka barabara nikatafute mboga kati ya matrela. Nikala ugali na mayai, kesho ugali na mayai, hadi nikaona aibu kutazama kuku machoni. Jioni moja nikagonga sufuria mezani. Kwani mimi si mtoto wa wakulima? Mtu wa Namboboto analilia majani?

Nikaenda kwenye hoteli za pale stendi nikachukua jerikeni za mafuta ya kupikia zilizokuwa zinatupwa. Nikazilaza, nikazikata ubavu mmoja, nikatoboa chini kwa msumari niliouchoma kwenye jiko. Nikatafuta magunia, ndoo za rangi, hata beseni la mtoto lililopasuka. Gunia lina ujanja wake. Unasimamisha katikati kopo refu lisilo na chini, unalijaza kokoto, unazungushia udongo nje, kisha unalivuta kopo juu kidogo na kujaza tena, mpaka gunia linakuwa na uti wa mawe. Ukimwaga maji juu yanafika hadi chini, na mboga za ubavuni nazo zinakunywa.

Udongo niliupata mahali palipokuwa panachimbwa msingi, na samadi kwa watu wa mbuzi. Niliubeba saa sita mchana, jua la utosi, tena nikipiga mluzi. Huku kwetu mwanaume akionekana jioni anaingiza udongo wa kwingine kwenye ploti, hata aseme nini, ataitwa mchawi, na kesho yake hakuna mtoto atakayepita mlangoni kwake. Hata hivyo jirani mmoja alinifuata hadi juu kuhakikisha ni mboga kweli.

Mke wangu nilipomwambia kwenye simu alicheka akakohoa. "Kwetu mwanaume hachumi mboga," alisema. "Huko Malaba umeolewa na nani?"

Mama mboga aliporudi kutoka matanga nikampandisha hadi kwenye ngazi akachungulia. Hakufika juu, magoti yalikuwa yanamsumbua, lakini aliona. Alipiga makofi. "Wee! Mzee ana shamba hewani!" Kesho yake akaniletea mbegu za dodo, ule mchicha wa kwetu, na za saga, ile mgagani, amezifunga kwenye pembe ya kitambaa, pamoja na machipukizi ya sukuma aliyoomba kwa mkulima wake.

"Panda," akaniambia. "Zikikushinda, mimi nipo, nitakuuzia."

Tukacheka tena wote wawili, wajinga sisi.

Zilikubali. Mvua ilikuja vizuri, jua la pale juu halina kizuizi, na maji ya kuoshea vyombo ya ploti nzima yalikuwa yanakuja kwangu. Dodo ukiikata kichwa inatoa matawi, ukikata matawi inatoa mengine. Saga ikasimama. Sukuma wakatoa majani ya kufunika sahani. Mimi ni mtu mmoja, sufuria langu ni dogo, na mboga hazingoji. Nikaanza kugawa.

Nielezeni, ningefanya nini? Jirani anasimama chini ya ngazi na sahani anasema, "Mzee, nisaidie mboga kidogo, watoto hawana kitoweo." Utamwambia hapana, na huku majani yanakuangukia kichwani? Au umwambie leta hela? Nilimuuliza mke wangu kuhusu kuuza, akanikatia maneno: "Mboga ya mlangoni haiuzwi. Unataka watu waseme nini juu ya nyumba yetu?" Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akiomba mboga unampa, na ukimnyima umejiandikia jina.

Lakini nisijifiche nyuma ya malezi. Nilipenda. Miaka yote kwenye ile ploti nilikuwa tu yule mzee wa chumba cha mwisho asiyependa kelele za redio. Sasa wanawake walikuwa wananisalimia kwa majina ya heshima, watoto wananibebea maji, mke wa dereva wa chumba cha mkabala ananiletea chapati. Jioni nikifika nilikuwa napanda ngazi polepole ili watu wanione. Nilikuwa nachuma zaidi ya walivyoomba. Nikishuka na beseni limejaa, nilijiona mtu mkubwa, haki ya Mungu.

Na kila jioni nilikuwa nimepita mezani kwa yule mama kabla ya kupanda ngazi. Mafungu yake yalikuwa pale pale alipoyapanga asubuhi. Anayanyunyizia maji, anayageuza, anaondoa jani la njano, anayanyunyizia tena. Nilijitia hamnazo. Nikajiambia ni hali ngumu, ni vumbi la matrela, ni msimu wa mvua kila mtu ana mboga. Mtu asiyetaka kuona hakosi la kujiambia.

"Jirani," aliniambia siku moja, na hakuwa ameniita jirani kabla, "naona ile shamba yako ya hewani inanyesha mboga kwa kila mtu."

"Ah, ni vitu kidogo tu, mama."

"Si mbaya," alisema. "Watoto wale."

Akageuka akafukuza nzi. Mimi uso ulinishuka, nikaingia ndani bila hata kupanda juu. Usiku huo sikula vizuri. Ploti yetu ndiyo ilikuwa soko lake. Watu wa barabarani walikuwa na mama mboga wao wenye vibanda vikubwa. Yeye alitegemea milango yetu, na milango yetu yote nilikuwa nimeishibisha mimi.

Basi nikajifanya mjanja. Nikaanza kununua kwake kila jioni, mafungu makubwa, tena kwa kelele: "Mama, nifungie sukuma, leo nina njaa!" Alinitazama, akanifungia. Alikuwa anafunga kwa ukanda wa mgomba uliokauka, anauzungusha mara mbili na kuficha ncha ndani, hakuna mwingine pale Malaba aliyefunga vile. Nikawa na mboga za slabu na mboga za meza, na tumbo ni lile lile. Nifanye nini? Mlinzi wa ploti alikuwa anafuga sungura nyuma ya bafu, karibu na bomba la maji. Nikawa napita nawatupia.

Nakumbuka ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nafua, yeye akaja bombani kuchota maji ya kunyunyizia. Nikamwona amesimama mbele ya banda la sungura, ndoo mkononi, hachoti. Nikakumbuka. Mungu wangu! Nikatamani sabuni inimeze.

Mle ndani fungu la jana lilikuwa zima, na ukanda wake wa mgomba kiunoni. Sungura walikuwa wameanza ncha za juu tu.

"Hata kufungua hukufungua," alisema.

"Mama, nilikuwa..."

"Hapana, ngoja. Mimi naamka saa kumi niende kwa mkulima. Nachagua. Jani lenye tundu naliacha. Nakuchagulia wewe, kwa sababu najua meno yako mabaya hayataki shina gumu." Hakuwa anapiga kelele, na afadhali angepiga. "Kama ni sungura, mzee, ungesema. Ningekuletea makavu, bei ya sungura."

"Nilitaka kukusaidia."

"Mimi si ombaomba. Mimi nauza."

Akafungua bomba, akajaza ndoo, akaenda. Mimi nilibaki na shati lenye povu mkononi kama mpumbavu. Nilikuwa nimemchukulia wateja, kisha nikamtupia sadaka, na sadaka yenyewe nikampa sungura.

Jumatatu nikamwendea mapema. Nikamwambia nachuma kila kitu kilicho juu, nakiweka mezani kwake, auze, chote ni chake. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Nani atanunua hapa chini anachopewa kule juu?"

"Basi sitatoa tena."

"Hayo ni yako na watu wako."

Jioni hiyo mke wa dereva akaja na sahani yake nikamwambia mboga zimeisha. Aliinua macho. Kutoka pale chini sukuma walikuwa wanaonekana wamening'inia ukingoni, wanene, wanatucheka. Akarudi chumbani na sahani yake tupu. Akaja mwingine, nikamwambia hivyo hivyo. Wa tatu nikamkaripia, kwa sababu mimi nikiwa na kosa moyoni huwa mkali kwa wasiohusika. "Kwani mimi ni serikali? Mama mboga yuko hapo getini, nendeni mkanunue!"

Ningejua, ningenyamaza. Neno lile lilizunguka vyumba vyote kabla ya ugali kuiva. Ati yule mama amenikataza. Ati nimeanza kumpelekea mboga zangu aniuzie. Ati mzee hana mke hapa, na yule mama hana mume, mnadhani zile supu za kunde zilikuwa za malaria tu? Watu waliokuwa wananiletea chapati! Na mimi hawakunifanya kitu. Waliendelea kunisalimia, wengine wakitabasamu pembeni, mwanaume ni mwanaume. Hasira zote walimpelekea yeye. Wakawa wanapita mezani kwake wakitazama mbele, wanavuka barabara kati ya matrela, na watoto mikononi, wakanunue kwingine.

Niliona hayo kwa macho yangu. Nilisimama kwenye korido nikasema kwa sauti kwamba ni uongo, kwamba yule mama hajaniambia neno. Mtu mmoja akajibu kutoka chumbani, "Anamtetea pia!" na vyumba vitatu vikacheka. Nikarudi ndani nikafunga mlango.

Nikampigia mke wangu nikamweleza yote, na ile ya sungura pia.

"Ng'oa," alisema.

"Kung'oa kutamrudishia wateja?"

"Sijui. Lakini yeye ataona umeng'oa."

Alikuwa sawa. Nilipanda juu nikiwa na nia hiyo. Nikashika shina la sukuma wa kwanza, wa lile gunia la pembeni, nikalivuta. Lilikuwa limeshika. Majani yalikuwa na umande, saga ilikuwa inatoa maua meupe, nami nikajiambia nisubiri nivune mbegu kwanza. Kisha nikajiambia nisubiri dodo hii ndogo ikomae. Kila siku nilikuwa na sababu mpya na zote zilikuwa tamu. Ningeweza kung'oa jioni moja tu, na sikung'oa. Sina la kuongeza hapo.

Mafungu yake yakapungua, kisha akawa analeta nyanya na vitunguu tu, vitu visivyonyauka. Mwavuli wake wa pale mezani ukakatika ubavu mmoja, hakuushona. Salamu zetu zikawa "Habari ya jioni" na "Salama." Halafu asubuhi moja nikapita nikakuta kijana wa viazi karai ameketi pale, meza ni ile ile, kikaango juu yake. Nikamuuliza mwenyewe yuko wapi. Akasema amemwachia, mama anahama.

Sikwenda kazini moja kwa moja. Nilirudi nikapanda juu, nikaketi kwenye ndoo nikitazama matrela yalivyojipanga hadi mbali. Ndipo nikasikia miguu kwenye ngazi, mguu mmoja unapumzika kabla ya mwingine. Alikuwa yeye. Alifika juu akihema, akashika chuma kimojawapo cha landilodi, akazungusha macho kwenye magunia, jerikeni, na lile beseni lililopasuka.

"Zimekuwa nzuri," alisema.

Nikasimama. Maneno niliyokuwa nimeyapanga wiki nzima yalinipotea yote. "Mama, nimekukosea."

"Najua." Alipangusa jasho kwa ncha ya leso. "Sikuja kwa hilo. Nina gari la saa nne kwenda nyumbani. Nisaidie mboga."

"Mboga?"

"Nikifika kule mikono mitupu, wake za kaka zangu watajua meza imelala. Watanipa pa kulala na hiyo sura yao. Nikifika na gunia la mboga watajua bado nauza, nimekuja kutembea tu." Alibadilisha mguu wa kusimamia. "Wiki moja inanitosha. Wiki moja nikae kama mgeni."

Nilichuma. Nilichuma sukuma hadi mashina yakabaki uchi, nikakata dodo, nikang'oa saga na mizizi yake. Macho yalikuwa yananiwasha na sikuthubutu kuyapangusa. Yeye alisimama pale pale, hakusaidia, ila nilipoweka jani lenye tundu alinyosha mkono akalitoa.

Tulishuka, mimi na gunia begani, yeye nyuma yangu. Milango ya ploti ilikuwa wazi na watu walikuwa wanatazama. Sikuangalia viatu siku hiyo. Kwenye stendi utingo alilipokea gunia, akalipima kwa mkono, akamuuliza, "Mama, mzigo wa biashara huu?"

Alinitazama mimi kwanza.

"Ndiyo," alisema. "Mimi nauza mboga."

Utingo akanigeukia mimi niliyelibeba. "Na wewe mzee?"

"Mimi ni mteja wake," nikasema.

Akapanda gari, akaketi upande wa pili, ambako nisingeweza kumwona.